Milioni Moja au 170,070? Namba ya Watu wa Kibera na Mafunzo Yake

Mwisho wa mwezi wa Agosti, mwaka 2010, Serikali ya Kenya ilitangaza matokeo ya hesabu ya watu iliyofanywa mwaka mmoja kabla, kuanzia usiku wa tarehe 24 Agosti, 2009. Nchi nzima ilionekana kuwa na watu 38,610,097, na jiji la Nairobi watu 3,138,369. Lakini namba iliyozusha maneno mengi kupita zote katika jiji hilo haikuwa mojawapo ya hizo kubwa. Ilikuwa ni hii: watu wa Kibera walikuwa 170,070.

Kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo, magazeti ya nchi za nje, wageni wenye vyeo, na watu wa mashirika ya misaada walikuwa wakiandika kwamba Kibera ina watu milioni moja, na ya kwamba ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote katika Afrika. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, UN-Habitat, lilikuwa likitaja namba zilizo kati ya 350,000 na milioni moja. Basi, mnamo Septemba, 2010, gazeti la Daily Nation lilipoiweka namba mpya mbele ya wasomaji wake na kusema kwamba hadithi ya zamani imevunjika, watu waligawanyika. Wengine walisema kwamba makarani wa sensa wamewaruka maskini. Wengine walisema kwamba uongo wa miaka mingi umefika mwisho wake.

Ugomvi huo una faida kwa kila mtu ajuaye kusoma na kuandika, awe karani ofisini au mkulima shambani. Namba kubwa hutajwa kila siku, na mara nyingi msikilizaji huipokea kama mtu apokeavyo mzigo uliofungwa, asijue kilichomo ndani. Kumbe namba yaweza kufunguliwa, kupimwa, na kuulizwa maswali kama shahidi barazani.

NAMBA YENYE SIFURI NYINGI

Kiswahili kina maneno matatu ya hesabu kubwa, na kila moja lilifika kwa njia yake. Elfu lilitoka kwa Waarabu, laki, yaani elfu mia moja, lilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na milioni lilikuja na Wazungu. Kwa lugha ya maduka ya zamani, watu wa Kibera waliohesabiwa mwaka 2009 walikuwa laki moja na elfu sabini na sabini. Namba iliyokuwa ikisemwa na watu ilikuwa laki kumi kamili.

Neno hilo "kamili" ndilo la kuangaliwa kwanza. Milioni moja ina tarakimu moja tu yenye uzito, na nyuma yake sifuri sita. Ni elfu moja mara elfu moja. Ni mia moja mara mia moja mara mia moja. Ikivunjwa mpaka mwisho, haina kitu ndani yake ila mbili na tano: mbili sita na tano sita zilizozidishwa pamoja. Yagawanyika kwa namba 49 mbalimbali bila kubakiza kitu. Hakuna namba iliyonyooka kuliko hiyo, na ndiyo maana ulimi huipenda.

Lakini watu hawazaliwi kwa makundi yaliyonyooka. Mkulima akiulizwa ana miche mingapi ya kahawa, naye akajibu, "Elfu moja," msikilizaji hufahamu kwamba amekadiria. Akijibu, "Elfu moja na kumi na saba," hufahamika kwamba amepita katika mistari akihesabu. Si lazima kwamba wa kwanza ni mwongo. Huenda yu karibu sana na ukweli. Ila jibu lake limetoka machoni, na la mwenzake limetoka miguuni. Sifuri nyingi mwishoni mwa namba ni alama ya makadirio, na makadirio yakirudiwa na watu wengi kwa miaka mingi huvaa nguo za hesabu.

KUIFUNGUA 170,070

Namba ya sensa nayo inaishia kwa sifuri, lakini ndani yake ni tofauti kabisa. Kwa kuwa inaishia kwa sifuri, yagawanyika kwa kumi, ikabaki 17,007. Jumlisha tarakimu za 17,007: moja, saba, sifuri, sifuri, saba, ni kumi na tano. Kumi na tano hugawanyika kwa tatu, kwa hiyo namba yenyewe hugawanyika kwa tatu pia, ikabaki 5,669. Hapo kazi huwa ngumu.

Je, 5,669 yagawanyika? Ili kujua, haifai kujaribu kila namba. Mtu hujaribu namba tasa tu, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Wala hana haja ya kupita 73, kwa sababu 76 mara 76 ni 5,776, nayo imekwisha kuipita 5,669. Na hapana namba tasa kati ya 73 na 76. Kama kungekuwa na kigawo kikubwa, mwenzake mdogo angekwisha kuonekana. Namba tasa mpaka 73 ni ishirini na moja. Mwenye kalamu na subira atazijaribu zote, na kila mara atapata baki. Basi 5,669 ni tasa, na 170,070 ni mbili mara tatu mara tano mara 5,669. Zaidi ya hapo haivunjiki.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: watu hao wangeweza kupangwa katika vikundi thelathini vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na watu 5,669, asibaki hata mmoja. Lakini wakipangwa katika vikundi saba vilivyo sawa, watabaki watu watano bila kikundi.

Wayunani wa kale walikuwa na mchezo mwingine wa kupima namba. Walivijumlisha vigawo vyake vyote, pasipo namba yenyewe. Jumla ikilingana na namba, waliiita timilifu. Mathalani sita, kwa kuwa moja na mbili na tatu ni sita. Jumla ikipungua, waliiita pungufu. Ikizidi, waliiita yenye ziada. Vigawo vya 170,070 ni kumi na sita. Vile kumi na tano vilivyo vidogo kuliko namba yenyewe vikijumlishwa hufika 238,170. Namba iliyolaumiwa na wengi kwamba imepunguka, katika kipimo cha Wayunani ni namba yenye ziada!

Njia ya kuzichuja namba tasa ni ya kale sana, na yafaa wasomaji wajue kwamba yaaminiwa kuwa ya mtu aliyezaliwa katika bara hili. Jina lake lilikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi iitwayo leo Libya, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Aliandika namba kwa mpangilio, kisha akafuta zote zigawanyikazo kwa mbili, halafu kwa tatu, halafu kwa tano, na kuendelea, kama mwanamke apepetaye nafaka katika ungo. Zilizosalia ni tasa. Hazina mwisho, mwezi wa Oktoba, 2024, ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, iliyopatikana kwa nguvu za kompyuta nyingi.

NAMBA YA 2019, NA MTU MMOJA

Hesabu ya watu ilifanywa tena mnamo Agosti, 2019. Safari hii wilaya ndogo ya Kibra ilikuwa na watu 185,777, na wilaya ndogo ya Dagoretti, ambamo mtaa wa Kawangware umo, watu 434,208. Yafaa kusema mara moja kwamba mipaka ya Kibra ya mwaka 2019 si ile ile ya vijiji vya Kibera vya mwaka 2009. Mtu asiziweke namba hizo mbili bega kwa bega akasema, "Wameongezeka kadha wa kadha." Kabla ya kutoa namba moja katika nyingine, hapana budi kwanza kuuliza kama zinapima kitu kimoja.

Namba ya Kibra, 185,777, yaonekana kama ukuta usio na mlango. Haiishii kwa sifuri wala tano, si shufwa, na jumla ya tarakimu zake ni 35, ambayo haigawanyiki kwa tatu. Lakini mtazamaji aliyezoea hesabu ataziona saba tatu mwishoni na kukumbuka jambo moja: 111 ni tatu mara 37, na kwa hiyo kila namba ya tarakimu tatu zinazofanana hugawanyika kwa 37. Basi 777 ni 37 mara 21. Tena 185 ni 37 mara tano, na 185,000 ni 37 mara elfu tano. Zikiunganishwa, 185,777 ni 37 mara 5,021, na 5,021 ni tasa. Ukiacha moja na namba yenyewe, ina vigawo viwili tu.

Namba ya Dagoretti ni kinyume chake. Yagawanyika kwa mbili, na tena kwa mbili, mara tano zote. Kisha kwa tatu. Na mwisho yabaki 4,523, ambayo ni tasa. Ina vigawo ishirini na vinne. Msafiri apandaye matatu ya Kawangware, ile ambayo wapiga debe huiita "forti-siksi", hana habari kwamba anaelekea katika wilaya ambayo namba yake ilikuwa rahisi kugawanywa hivyo.

Sasa, mwondoe mtu mmoja katika namba ya Kibra. Iliyobaki ni 185,776. Mara moja 37 haiigawi tena. Mahali pake zimekuja mbili nne, na 17, na 683, na vigawo vimekuwa ishirini badala ya vinne. Mtu mmoja tu ameibadilisha tabia yote ya namba. Katika hesabu ya watu saa inayotazamwa ni usiku wa manane. Mtoto aliyezaliwa muda mfupi kabla ya saa hiyo huhesabiwa, na aliyezaliwa muda mfupi baada yake hahesabiwi. Kwa mwenye kusema "milioni moja", mtoto huyo hayupo wala hawezi kuwapo. Akiongezwa au akiondolewa, milioni haitikisiki. Kwa mwenye kuhesabu, yumo.

KIPIMO CHA TISA

Makarani wengi wanakijua kipimo cha tisa, na wasiokijua yafaa wajifunze, kwa maana ni rafiki wa kila mwenye kuweka daftari. Wanahesabu wa India na wa Waarabu walikitumia yapata miaka elfu moja iliyopita. Jumlisha tarakimu za namba. Jumla ikizidi tisa, jumlisha tena, mpaka ibaki tarakimu moja. Ukifanya hivyo kwa kila namba katika orodha, na pia kwa jumla yao iliyoandikwa chini, majibu hayana budi kukubaliana. Yasipokubaliana, kuna kosa.

Hebu wilaya ndogo kumi na moja za Nairobi za mwaka 2019 zipimwe. Dagoretti 434,208 hutoa 3. Embakasi 988,808 hutoa 5. Kamukunji 268,276 hutoa 4. Kasarani 780,656 hutoa 5. Kibra 185,777 hutoa 8. Lang'ata 197,489 hutoa 2. Makadara 189,536 hutoa 5. Mathare 206,564 hutoa 5. Njiru 626,482 hutoa 1. Starehe 210,423 hutoa 3. Na Westlands 308,854 hutoa 1. Jumla ya hizo ni 42, nazo nne na mbili ni sita. Jumla ya Nairobi iliyotangazwa ilikuwa 4,397,073. Tarakimu zake ni 33, nazo tatu na tatu ni sita. Zimekubaliana.

Lakini kipimo hiki kina udhaifu wake. Karani akiandika 432,408 badala ya 434,208, yaani amebadilishana mahali pa tarakimu mbili, kipimo cha tisa hakitaliona kosa hilo, kwa kuwa tarakimu ni zile zile. Hata hivyo udhaifu huo wenyewe umegeuzwa kuwa dawa. Tofauti ya namba hizo mbili ni 1,800, nayo ni tisa mara mia mbili. Tarakimu zikibadilishana mahali, tofauti hugawanyika kwa tisa sikuzote. Basi mtunza fedha ambaye daftari zake mbili hazilingani, akiona tofauti yagawanyika kwa tisa, na atafute kwanza mahali tarakimu zilipogeuzwa. Mara nyingi atalipata kosa kabla chai haijapoa.

Na zaidi ya hayo, kipimo hiki hupima kujumlisha tu, hakipimi ukweli. Karani wa sensa akiruka kichochoro kizima, tarakimu zitakubaliana vizuri, na watu wa kichochoro kile hawatakuwamo. Namba yaweza kuwa safi katika daftari na chafu mtaani. Kwa hiyo wale waliolalamika mwaka 2010 hawakustahili kuchekwa. Lalamiko lao lilistahili kupimwa kwa kipimo kingine.

KIPIMO CHA EKARI

Kipimo hicho kila mkulima anacho: ni ardhi. Kibera ni mahali pa kale. Jina lake ni la Kinubi, kibra, maana yake msitu, nao Wanubi waliowekwa pale walikuwa askari wa Keya na jamaa zao. Eneo lao la kwanza lilikuwa la maelfu ya ekari, likapungua mwaka hata mwaka. Mnamo Juni, 2017, jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Mtaa wa mabanda uitwao Kibera leo unakadiriwa kuwa na eneo la kilomita mbili na nusu za mraba, nazo ni kama ekari 618.

Gawa watu milioni moja kwa ekari 618. Kila ekari itabeba watu 1,618. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Kila mtu, basi, atapata futi za mraba 27 tu, ambazo ni kama kitanda kimoja na nafasi kidogo ya kuweka viatu. Na katika futi hizo 27 zimo njia, mitaro, reli, vyoo, makanisa, misikiti, shule na maduka.

Chumba kinachotajwa mara kwa mara na watu wanaoieleza Kibera ni cha futi 12 kwa futi 12, na nyumba nyingi hazina ghorofa. Tuseme nusu ya ardhi yote ni vyumba vya kulala, na nusu ni mambo mengine yote. Kila ekari itakuwa na vyumba 151. Watu 1,618 katika vyumba 151 ni karibu watu kumi na mmoja katika kila chumba, pasiwe na chumba hata kimoja cha kijana alalaye peke yake. Hata ardhi yote ikizibwa kwa mabati, bila njia wala choo, bado watu wa kila chumba watakuwa watano na zaidi. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba jamaa ya Nairobi, kwa wastani, haikufika watu watatu.

Pima sasa namba ya sensa kwa njia ile ile. Watu 170,070 ni watu 275 kwa ekari, na katika vyumba 151 ni watu wawili kasoro kwa chumba. Huo ni msongamano mkubwa, lakini ni wa kibinadamu.

Kuna namba ya kati pia. Kundi moja la watafiti, likisaidiwa na vijana wa mahali pale, lilichora ramani ya kijiji cha Kianda nyumba kwa nyumba, likahesabu watu zaidi ya 15,000. Kutokana na kijiji hicho kimoja likakadiria kwamba Kibera yote ina watu kati ya 235,000 na 270,000. Watu 270,000 ni 437 kwa ekari, karibu watatu kwa chumba. Hilo nalo lawezekana. Kwa hakika kipimo cha ekari hakiwezi kuamua kati ya namba ya makarani na namba ya watafiti hao. Kinachoweza ni kuikataa milioni.

Msomaji na aangalie pia hatari iliyomo katika kuzidisha. Kutoka watu 15,000 wa Kianda kufika 250,000 ni kuzidisha kama mara kumi na sita na zaidi. Basi kila watu mia moja waliozidishwa kwa bahati mbaya katika kijiji kimoja huwa watu 1,600 na zaidi katika mtaa mzima. Na kijiji kimoja si picha ya vijiji vyote. Mpishi huonja kijiko kimoja cha mchuzi baada ya kuukoroga. Kibera hakuna awezaye kuikoroga.

NAMBA NI CHAKULA

Yuko atakayeuliza, "Yote haya yana faida gani kwa mama achotaye maji kwa mtungi Laini Saba, au kwa fundi wa viatu Kawangware?" Faida ni kubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka maeneo ya Bunge 290, na kuamuru kwamba yalingane kwa watu kadiri iwezekanavyo. Watu wa mwaka 2009 wakigawanywa kwa 290, kila eneo hupata 133,138, na katika miji iliruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40. Watu 170,070 huzidi kipimo hicho kwa asilimia 28 hivi. Watoshea katika eneo moja, na ndivyo ilivyokuwa Kibra ilipopata mbunge wake wa kwanza katika uchaguzi wa 2013. Milioni moja, kwa kipimo kile kile, ingetaka wabunge saba. Basi kati ya namba moja na nyingine kulikuwa na viti sita vya Bunge.

Hali kadhalika fedha. Katika kanuni ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti, asilimia 45 ya uzito iliwekwa juu ya idadi ya watu. Chungu ni kimoja. Mahali pakihesabiwa watu wasiokuwapo, chakula chao hutolewa katika sahani ya watu waliopo mahali pengine.

Tena chukua mfano wa shule. Tuseme mtu mmoja katika kila watano ni mtoto wa shule ya msingi. Katika milioni moja, watoto ni 200,000, na wakikaa hamsini katika kila darasa, madarasa yanayotakiwa ni 4,000. Mwenye kupanga akiiona namba hiyo hukata tamaa kabla ya kuanza, akajenga madarasa kumi ili apigwe picha, kisha akaenda zake. Katika 170,070, watoto ni 34,014, na madarasa ni 681. Hiyo ni kazi ya miaka kadhaa, lakini ni kazi yenye mwisho. Anayeikuza shida ili ionewe huruma aweza kuifanya ionekane kama mlima usiopandika, na mlima usiopandika hakuna autafutiaye njia.

Wala kupunguza si bora kuliko kukuza. Nyumba iliyorukwa haina bomba katika mpango wa maji, wala kitanda katika mpango wa hospitali. Mpangaji anayemficha jamaa yake kwa karani wa sensa, akiogopa mwenye nyumba au askari, hamdhuru karani. Anaidhuru foleni ya maji atakayosimama yeye mwenyewe. Na aliyesafiri usiku ule kwenda kwao bara huhesabiwa huko alikolala, naye hana haki ya kushangaa mtaa wake ukionekana mdogo.

Kenya imekuwa ikihesabu watu wake kila miaka kumi tangu mwaka 1969, na hesabu ijayo yatazamiwa mwaka 2029. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ishindayo watu. Siku karani atakapobisha hodi Kibera, Kawangware, au kijijini, kila mwenye nyumba na ataje wote waliolala kwake, asiongeze wala asipunguze. Na matokeo yatakapotangazwa, kila msomaji na achukue kalamu aifungue namba ya mahali pake: aijumlishe, aipime kwa tisa, aigawe kwa ekari. Akiona imesimama, na aitumie kudai haki yake. Akiona imepinda, na aonyeshe imepindia wapi, kwa hesabu.